Namna ya kuomba mkopo wa serikali kwa karakana ya mabodi mepesi ya magari: mwongozo kwa mafundi wa Tanga

Fundi anayekwenda kuomba mkopo wa serikali kwa kawaida hubeba barua ya utambulisho, picha za karakana na maneno mengi. Mwongozo huu unamtaka aongeze kitu kimoja katika bahasha hiyo, nacho ni karatasi ya vipimo vya mizani. Umeandikwa kwa ajili ya mafundi bodi wa Tanga, yaani wale wanaounda mabodi ya Canter, matrela na maguta ya injini kuanzia Ngamiani na Mabawa hadi Pongwe, ambao sasa wanataka kuhamia katika vifaa vyepesi: alumini, faiba, na katani, yaani nyuzi za mkonge, iliyogandishwa kwa gundi ya resini. Kazi hiyo haiwezekani kwa mashine ya kuchomelea ya kawaida na nyundo peke yake, na ndiyo maana swali la mtaji hujitokeza mapema.

Uzito ndio hoja yenyewe, kwa sababu afisa wa mikopo hawezi kuona ubora wa ufundi wako kwa kuangalia picha, lakini anaweza kusoma kilo na kuzigeuza kuwa shilingi. Chini ya Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, ambayo Tanzania ilianza kuitekeleza tarehe 1 Machi 2019, gari lenye uzito wa jumla wa kuanzia tani 3.5 hulazimika kupita kwenye mizani ya barabarani. Kwa hiyo mwenye gari anayebeba machungwa ya Muheza au chokaa ya Amboni ana kikomo cha jumla asichoweza kukivuka bila faini, na kila kilo unayoiondoa kwenye bodi ni kilo ya mzigo anayoipata kihalali. Bodi jepesi haliongezi uwezo wa ekseli wala wa chasisi uliowekwa na kiwanda. Linabadilisha tu mgawanyo kati ya bodi na mzigo. Andika hivyo hivyo katika andiko lako, kwani mkaguzi anayejua magari akikuta umedai zaidi ya hapo atatilia shaka na mengine yote.

Nchi iliyokopesha fedha nyingi kwa kazi ya namna hii ni Marekani, na masharti yake yanafaa kusomwa hata na mtu anayeomba milioni 10 za Kitanzania. Sheria yao ya nishati ya mwaka 2007 ilianzisha mpango wa mikopo kwa watengenezaji wa magari yanayotumia mafuta kidogo, ukiwa na uwezo wa kukopesha hadi dola bilioni 25. Ford ilipata dola bilioni 5.9, Nissan bilioni 1.4 na Tesla milioni 465. Mwaka 2015 kampuni ya alumini ya Alcoa iliahidiwa, kwa masharti, dola milioni 259 za kupanua kiwanda chake cha Tennessee ili kitoe mabati ya alumini kwa ajili ya magari, katika kipindi kilekile ambacho Ford ilikuwa imeingiza sokoni pikapu ya F-150 yenye bodi la alumini, iliyopungua uzito kwa hadi kilo 318 ikilinganishwa na iliyotangulia.

Katika mpango huo kuna mambo matatu ambayo fundi wa Tanga anaweza kuyachukua. Mwombaji hakuruhusiwa kusema tu kwamba gari lake ni bora: alitakiwa kuonyesha nafuu ya angalau asilimia 25 katika matumizi ya mafuta ikilinganishwa na magari ya aina hiyo ya mwaka 2005, maana yake kulikuwa na kianzio kilichopimwa. Pili, mlango haukuwa wa watengenezaji wa magari mazima peke yao, bali pia wa watengenezaji wa vipuri na malighafi. La tatu ni kwamba fedha zilitoka kwa awamu. Kampuni ya Fisker iliidhinishiwa dola milioni 529, lakini iliposhindwa kufikia hatua ilizoahidi, serikali ilifunga bomba mwaka 2011 ikiwa imekwishatoa milioni 192 hivi, na mwaka 2013 kampuni ikafilisika. Tesla ilimaliza kulipa Mei 2013, miaka 9 hivi kabla ya muda. Zote mbili zilikopa kwa mpango uleule.

Kuanza na mizani

Kabla ya kuandika hata mstari mmoja wa maombi, pima kazi unayoifanya sasa. Haihitajiki mashine ya maabara. Mizani ya kuning'iniza, ile ya wanunuzi wa nazi na samaki, inatosha kwa vipande vya hadi kilo 100, mradi uijaribu kwanza kwa mfuko wa saruji wa kilo 50 ambao haujafunguliwa. Ninasisitiza hatua hii kwa sababu maombi ya kwanza ya karakana yetu yalirudishwa na taasisi moja kwa sentensi fupi, kwamba manufaa hayajathibitishwa, nasi tulikasirika kwa wiki nzima kabla ya kukubali kwamba walikuwa na haki. Tulikuwa tumeandika "bodi jepesi" mara 11 katika kurasa 4, na hapakuwa na kilo hata moja iliyotajwa.

Tulipoamua kupima, tulianza na mlango wa nyuma wa bodi la Canter, wenye upana wa mita 2 na kimo cha sentimita 40. Bati lake lilikuwa la milimita 1.5. Kwa kuwa mita ya ujazo ya chuma ina kilo 7,850, mita moja ya mraba ya bati hilo ina kilo 11.8, na mlango ule, wenye eneo la mita za mraba 0.8, ulipaswa kuwa na kilo 9 na kitu za bati. Tuliuning'iniza kwenye mwembe ulio mbele ya karakana, na mshale ukasimama kwenye 23 na nusu. Zaidi ya nusu ya uzito ilikuwa kwenye mabomba ya fremu, bawaba, komeo, na fila iliyopakwa kwa unene ili kuficha mawimbi ya kuchomelea. Fundi mzee aliyekuwa ameuunda alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba bomba lile alilitumia kwa kuwa ndilo lililokuwa limebaki. Siku hiyo tulipunguza kilo 5 bila kununua alumini yoyote, kwa kubadilisha tu bomba na kuchomelea kwa utaratibu zaidi. Jedwali la vipimo vya namna hiyo, likiwa na vipande 8 au 10, tarehe, na saini ya aliyepima, ndilo kiini cha maombi yako.

Baada ya hapo fanya hesabu ya kifaa kipya, na uifanye kwa uaminifu. Wengi husema alumini ni nyepesi mara tatu kuliko chuma, jambo ambalo ni kweli kwa ujazo, lakini alumini pia hupinda kwa urahisi karibu mara tatu zaidi. Kwa kuwa ukakamavu wa bati dhidi ya kupinda huongezeka kwa kipeo cha tatu cha unene (unene × unene × unene), huhitaji bati la alumini lenye unene wa mara 3, bali la mara 1.4 hivi. Kwa mfano wetu, bati la chuma la milimita 1.5 litabadilishwa kwa la alumini la milimita 2.15 hivi, lenye kilo 5.8 kwa mita ya mraba badala ya 11.8. Nafuu halisi, basi, ni nusu, na nusu ni nafuu kubwa. Ukiandika theluthi mbili, mtaalamu atakukamata.

Kuchagua kifaa kitakachokubalika

Alumini inafaa kwa kuta za pembeni na milango ya bodi, lakini ina gharama mbili zisizoonekana ambazo lazima ziingie kwenye bajeti. Ya kwanza ni mashine ya kuchomelea kwa gesi ya agoni pamoja na mafunzo yake, au, kwa kazi nyingi za bodi, vifaa vizuri vya kupiga ribiti. Ya pili inatokana na bahari yetu: alumini inapogusana na chuma katika hewa yenye chumvi, maji yakipita katikati, alumini huliwa. Kila mahali metali hizo mbili zinapokutana pawekwe mpira au rangi nzito ya kutenganisha, na boliti zichaguliwe kwa makini. Anayepuuza jambo hili Raskazone au Chumbageni atarudishiwa bodi kabla mkopo haujaisha.

Kuhusu katani, nitakiri kwamba nina upendeleo, kwa kuwa ni vigumu kuishi Tanga bila kuwa nao. Mkonge uliletwa mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, na miche 62 tu iliyosalimika safari ndiyo iliyopandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Kufikia mwaka 1964 nchi ilikuwa inazalisha takribani tani 230,000 kwa mwaka. Katani hutumika ndani ya magari huko ulimwenguni: Mercedes-Benz imekwishatumia mikeka ya kitani na mkonge katika paneli za ndani za milango. Paneli ya katani na resini yenye unene wa milimita 4 huwa na kilo 5 hivi kwa mita ya mraba, na nyuzi fupi zinazobaki kwenye korona (mashine ya kuchambua nyuzi za mkonge) na kwenye brashi zinaweza kutumika.

Hata hivyo, mkopeshaji ataogopa kitu asichokijua, kwa hiyo eleza mipaka yake wewe mwenyewe kabla hajauliza. Katani hunywa maji. Ukiiweka kwenye kalibu ikiwa na unyevu wa asubuhi ya masika, resini haitaishika, na baada ya miezi michache paneli itavimba na kuachana tabaka kwa tabaka. Utaratibu unaofanya kazi ni kuilowesha nyuzi katika maji yenye magadi makali ya kostiki ya takribani asilimia 5, ukiwa umevaa glavu na miwani, kuisuuza vizuri, kuianika hadi ikauke kabisa, kisha kuipanga katika kalibu na kuipaka resini iliyochanganywa na dawa ya kugandisha, na mwishoni kuikandamiza kwa uzito hadi igande. Kingo zote zilizokatwa lazima zizibwe kwa resini, kwani maji huingilia hapo. Joto la zaidi ya nyuzi 200 huiharibu, hivyo isiwekwe karibu na ekzosi. Wala isitumike mahali panapobeba mzigo au panapolinda uhai wa abiria. Nafasi yake ni dari, paneli za milango na migongo ya viti.

Kwa hoja ya malighafi, andiko lako litapata nguvu ukiambatisha barua ya mtu atakayekuuzia katani, na ukionyesha kwamba ulizungumza na wataalamu. Makao makuu ya Bodi ya Mkonge yapo hapa hapa Tanga, na kituo cha utafiti wa mkonge cha TARI, Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, kiko Mlingano, wilayani Muheza, umbali ambao mtu huenda na kurudi kabla ya adhuhuri.

Mlango upi wa kubisha

Karakana inayoanza ina milango miwili iliyo karibu na mmoja wa mbali. Ulio karibu zaidi ni mkopo wa halmashauri. Kifungu cha 37A cha Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Sura ya 290, kinaitaka kila halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa vikundi vya wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisitishwa Aprili 2023 na ikarejea mwaka 2024 ikiwa na utaratibu mpya, kwa hiyo fomu ya zamani aliyokuachia jirani isikudanganye. Chukua maelekezo mapya kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata yako, pamoja na masharti ya umri na idadi ya wanachama yanayotumika siku unayoomba.

Kikundi kiandikwe kwa watu wanaofanya kazi kweli. Ni desturi mbaya, nayo imeota mizizi, kwamba mtu mmoja mwenye karakana hukusanya majina ya wapwa na majirani ili apate kikundi. Siku ya uhakiki mwanachama huulizwa mashine ipi inatumiwa kukunja bati, akabaki kutazama viatu vyake. Katika kazi ya vifaa vyepesi si lazima kudanganya, kwa sababu kuna kazi za kutosha kugawana. Kikundi cha wanawake kinaweza kusimamia ushonaji wa viti na upangaji wa paneli za katani, kazi inayohitaji mkono mwangalifu kuliko nguvu. Kikundi cha vijana kinaweza kuchukua alumini na kumwalika fundi mzee kama mkufunzi wa malipo, hata kama umri wake haumruhusu kuwa mwanachama.

Mlango wa pili ni SIDO, Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo lililoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1973, lenye ofisi ya mkoa hapa Tanga na linalosimamia Mfuko wa Taifa wa Kuendeleza Wajasiriamali Wadogo. Watu wengi hudhani SIDO ni ya sabuni na batiki. Ukweli ni kwamba ni mahali pazuri pa kupeleka andiko la karakana, kwa kuwa watumishi wake wanaelewa mashine, na ushauri wao ni muhimu hata kabla ya mkopo.

Mlango wa mbali ni Benki ya Maendeleo ya TIB, inayofaa kiwanda kilichokwishasimama kama kampuni, chenye hesabu zilizokaguliwa. Kwa karakana ya watu 6, kwenda huko sasa ni kupoteza nauli.

Kuandika andiko

Andiko zuri kwa kazi hii halizidi kurasa 6. Ukurasa wa kwanza useme unatengeneza nini leo, kwa uzito gani, na utatengeneza nini baada ya mkopo, kwa uzito gani. Kisha onyesha shilingi, kwa mfano ambao mtu asiye fundi anaweza kuufuata. Tuchukue bodi lenye kuta za mita za mraba 10. Kwa bati la chuma zina kilo 118, kwa alumini kilo 58, nafuu ni kilo 60. Tuseme mteja hulipwa shilingi 40 kwa kilo moja ya mzigo na hufanya safari 25 kwa mwezi akiwa amejaza: kilo 60 humpa shilingi 2,400 kwa safari, yaani 60,000 kwa mwezi. Kama bodi la alumini litamgharimu shilingi 900,000 zaidi ya lile la chuma, fedha yake itarudi baada ya miezi 15. Badilisha namba hizi kwa bei za siku unayoandika na kwa nauli halisi za wateja wako, na uwe tayari kukuta kwamba kwa baadhi yao haifai. Mwenye gari linalobeba magodoro hujaza nafasi kabla ya kujaza uzito. Huyo hanufaiki na kilo zako, nawe usimweke kwenye orodha ya soko.

Nyuma ya hesabu hiyo weka profoma (ankara za bei) za mashine kutoka kwa wauzaji wawili tofauti, barua za wateja watatu au wanne walio tayari kuagiza, mkataba wa pango, namba ya mlipakodi, leseni ya biashara, na kwa kikundi, katiba, cheti cha usajili na taarifa ya akaunti ya benki. Fundi aliyejifunza mtaani bila cheti asikate tamaa, kwa sababu VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, huwapima mafundi wa namna hiyo na kurasimisha ujuzi wao, na kituo chao kipo hapa Tanga. Eleza pia kwamba mabadiliko ya bodi yatakaguliwa na polisi wa usalama barabarani na taarifa za usajili wa gari kurekebishwa TRA inapobidi, maana mkopeshaji hataki kusikia baadaye kwamba gari la kwanza mliloliunda limekamatwa.

Ratiba ya marejesho ndiyo inayoangusha wengi. Mteja wa bodi hutoa malipo ya awali, hutoweka, hurudi mwisho wa mwezi na nusu ya deni, na iliyobaki huja baada ya msimu. Usiandike kwamba mtapokea fedha kila Ijumaa. Omba muda wa neema, yaani kipindi cha kabla ya kuanza marejesho, wa kutosha kufunga mashine na kuunda mabodi mawili ya kwanza, na panga marejesho makubwa yaangukie miezi ambayo wasafirishaji wa machungwa wana fedha mkononi. Wageni husema Tanga ni ya waja leo, waondoka leo, lakini afisa aliyezaliwa hapa anaijua kalenda hiyo na ataiheshimu akiona na wewe unaijua.

Uhakiki na siku ya fedha

Maafisa watakuja karakanani, mara nyingine bila taarifa ndefu. Waonyeshe mizani kabla ya mashine. Ning'iniza mlango wa chuma, waache wasome wenyewe, kisha ning'iniza sampuli ya alumini au ya katani ya ukubwa uleule. Sisi tulipofanya hivyo mara ya pili, bibi mmoja katika msafara aliomba kuishika paneli ya katani kwa mkono, akaigonga kwa kidole kama mtu anayechagua nazi, akauliza kama inapasuka. Tulimpa nyundo.

Fedha zikiidhinishwa, omba muuzaji wa mashine alipwe moja kwa moja kama utaratibu unaruhusu, kwani fedha taslimu katika akaunti ya kikundi huvutia misiba na harusi ambazo hazikuwamo katika bajeti. Kama zitatoka kwa awamu, andika kwa kila awamu kitu kinachoweza kupimwa: mashine imefungwa, bodi la kwanza limekabidhiwa, bodi la tano limepita mizani ya barabarani. Karatasi utakayopewa na mwenye gari kutoka kwenye mizani hiyo, yenye uzito wa gari likiwa tupu, itunze katika faili lilelile la vipimo vya mwanzo, kwa sababu ndiyo itakayoambatishwa kwenye ombi la mkopo wa pili.